Starfleet ni jeshi, tusioneane haya

Majaribio yameisha, bumu nalo limeisha (kama kawaida yake), kwa hiyo burudani iliyobaki ni ile ya bure: kukaa vimbwetani na kubishana. Wiki hii hatujagusa Simba na Yanga. Tumebishania Star Trek. Swali ni moja tu: Starfleet, yaani kile kikosi cha meli za anga cha Shirikisho la Sayari, ni jeshi au ni chombo cha utafiti?

Washikaji wangu wa sayansi wanasema si jeshi. Mimi nasema ni jeshi, tena kamili, na naandika hapa ili hoja zangu zisomwe bila mtu kunikatiza.

Kwanza niwatupie mbali hoja mbovu za upande wangu mwenyewe. Kuna wanaosema ni jeshi kwa sababu wana sare na vyeo, kapteni, kamanda, admirali. Hapana jamani. Jeshi la Wokovu lina sare, lina makapteni, mameja na jenerali, na kazi yake ni injili na kusaidia maskini. Kule Marekani kuna kikosi cha maofisa wa NOAA, wale wa bahari na hali ya hewa. Wana vyeo kama vya wanamaji na hawabebi silaha. Na sisi Waswahili neno lenyewe tumelitandaza: Jeshi la Polisi, Jeshi la Magereza, Jeshi la Zimamoto. Kwa hiyo sare tupu haithibitishi kitu.

Kipimo changu kina maswali matatu. Je, dola imekipa chombo hicho silaha nzito na hukituma vitani? Je, watu wake wanashtakiwa katika mahakama ya kijeshi? Na adui akibisha hodi, kuna mwingine wa kuitwa?

Tuanze na silaha. Enterprise ya Kapteni Kirk, katika mfululizo ulioanza mwaka 1966, ina mizinga ya miale na torpedo za fotoni. Halafu ikaja Defiant katika Deep Space Nine, meli iliyobuniwa mahususi kupigana na Borg. Kwenye karatasi wakaiita meli ya kusindikiza. Kusindikiza nini, harusi? Vita na Dominion vilipowaka, ni meli za Starfleet zilizokwenda mstari wa mbele.

Mahakama je? Kuna kipindi cha mwaka 1967 ambacho Kirk anashtakiwa kwa kifo cha ofisa wake, na jina la kipindi chenyewe ni Court Martial. Yaani mahakama ya kijeshi imeandikwa hadi kwenye kichwa cha habari, bado mtu ananiambia hakuna jeshi!

La tatu ndilo zito kuliko yote. Borg walipoelekea duniani, waliosimama njiani pale Wolf 359 ni Starfleet, na meli 39 zikaangamia. Hakukuwa na wengine nyuma yao.

Sasa hoja za wapinzani. Silaha yao kubwa ni Kapteni Picard, ambaye katika kipindi cha mwaka 1989 anatamka kabisa kwamba Starfleet si chombo cha kijeshi, kazi yake ni kuchunguza. Sawa, kasema. Lakini alikuwa anafanya nini siku hiyo? Alikuwa anaandaa mazoezi ya vita! Meli mbili zinachezeshwa mchezo wa kupigana, na amekubali kwa sababu anaogopa Borg. Mtu akikwambia yeye si mvuvi huku anashona nyavu, utaamini mdomo au mikono?

Hoja yao ya pili ni utafiti. Eti siku nyingi wanapima nyota na kukutana na viumbe wapya. Kweli kabisa. Lakini meli ya Endeavour iliyompeleka James Cook Tahiti kutazama Zuhura ikipita mbele ya jua mwaka 1769 ilikuwa ya jeshi la wanamaji la Uingereza. Beagle iliyomzungusha Charles Darwin kuanzia 1831 hadi 1836 nayo ilikuwa ya jeshi hilo hilo. Sijaona mtu anayesema wanamaji wa Uingereza hawakuwa jeshi kwa kuwa walimbeba mwanasayansi.

Hoja yao ya tatu ndiyo nzuri, nakiri. Katika mfululizo wa Enterprise, mwaka 2003, wanapanda melini askari wanaoitwa MACO, kikosi tofauti na Starfleet. Kama askari ni wale, basi hawa si askari, si ndiyo? Ila filamu ya Star Trek Beyond ya 2016 inatueleza kwamba MACO walivunjwa Shirikisho lilipoundwa. Haya, walipovunjwa, kazi ya kupigana ilibaki kwa nani?

Mtaniuliza, hadithi za kubuni zinakuhusu nini wewe mwalimu mtarajiwa? Zinanihusu sana. Kesho kutwa nitasimama darasani kufundisha mawakala wa ukoloni, na wa kwanza kwenye orodha ni wapelelezi. Angalieni neno letu lilivyo na akili: mpelelezi ni mvumbuzi, na pia ni mtu anayekuchunguza kwa siri. Mwaka 1875 Stanley alikuwa Ziwa Victoria katika msafara uliolipiwa na magazeti mawili. Hakuwa mwanajeshi wa nchi yoyote pale, alikuwa anachunguza ziwa. Waulizeni watu wa kisiwa cha Bumbire, ambako alirudi kulipiza kisasi kwa risasi. Mwenye bunduki anayejiita mchunguzi ana raha moja: hakuna anayemuuliza maswali anayoulizwa mwenye jeshi.

Star Trek wenyewe walilijua hilo. Mwaka 1996, katika Deep Space Nine, Admirali Leyton anatumia hofu ya adui kuweka askari mitaani duniani na kutaka kumpindua rais. Chombo kisicho jeshi kinapindua serikali kwa kutumia nini, darubini?

Kuiita Starfleet jeshi sikuitukani. Jeshi linaloshinda siku nyingi maabara kuliko vitani ni jeshi la kutamaniwa. Lakini liitwe jina lake, ili raia ajue kwamba kuna ghala la silaha, na aulize funguo anazo nani na anamjibu nani. Siku mkinionyesha Enterprise imetoka bandarini bila torpedo hata moja, nitawasikiliza.

Nawasilisha.