Msimcheke Asomaye "Soot" Vibaya

Liko jambo katika madarasa yetu ambalo naona halifai kuendelea. Mwanafunzi asimamapo kusoma Kiingereza, akatamka neno moja isivyo, darasa zima huangua kicheko. Siku ya pili mwanafunzi huyo hafungui kinywa. Nataka kumtetea, na shahidi wangu ni neno dogo "soot", yaani masizi, ule weusi wa moshi ugandao chini ya sufuria na katika dari ya jikoni.

Neno hili huandikwa kwa o mbili, kama "boot", kiatu. Aliyefundishwa kusoma "boot" kwa u ndefu atasoma "soot" vivyo hivyo, wala hakukosa akili. Lakini Waingereza wengi hulitamka kwa u fupi, kama ile ya "foot", mguu. Tena "blood", damu, lina o mbili zile zile, wala halifuati hili wala lile. Je, hapo kosa ni la mtoto au la tahajia?

Zaidi ya miaka elfu iliyopita, Waingereza walilitamka neno hili kwa o ndefu, wakaliandika kwa o moja, "sot". Waswidi huliandika hivyo hata leo. Shina lake ni moja na la "sit", kukaa. Maana yake ya asili ni kitu kilichotua kikakaa. Naam, moshi hupaa, masizi hukaa. Baadaye o ile ndefu iligeuka kuwa u ndefu. Mwaka 1476 William Caxton alianzisha mtambo wa kupiga chapa Uingereza, na vitabu vikaanza kuyashika maandishi mahali pamoja, hali ndimi za watu zilikuwa zingali zikibadilika. Maneno mengine yakafupishwa sauti, mengine yakaachwa. Kamusi ya Merriam-Webster ya Marekani huonyesha matamshi matatu ya "soot", na lile la u ndefu limo.

Sisi twatumia Kiswahili, ambacho tahajia yake ilisanifiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Kwetu herufi hufuata sauti, na mtoto huamini akionacho. Imani hiyo si ujinga.

Najua wako watakaosema ya kuwa mtihani hauna huruma, na ya kuwa mtu akivuta sana u ya "soot", msikilizaji aweza kudhani anasema "suit", yaani suti. Ni kweli. Kwa hiyo mwalimu na amsahihishe. Lakini kusahihisha ni kazi moja, na kucheka ni nyingine.

Nashauri hivi: mwalimu aandike ubaoni mafungu mawili, "soot, foot, good" upande mmoja, na "boot, food, root" upande wa pili, kisha darasa lote liyasome kwa sauti, pamoja na wale waliocheka. Nanyi wazazi, mtoto akisoma nyumbani kwa kusitasita, mwacheni amalize ukurasa kwanza ndipo mumsahihishe. Lugha hujifunzwa kwa kinywa, na aliyetahayarishwa hukifumba.