Hadithi Gani Tuwape Watoto?



Juma hili yafaa tuzungumze juu ya vitabu vya hadithi. Sisemi vitabu vya masomo, ambavyo mwalimu huamuru visomwe. Nasema zile hadithi ambazo mtoto huzisoma kwa kupenda mwenyewe, jioni, akiisha kuteka maji na kuosha vyombo. Wengi wetu twaziona kuwa ni uvivu mtupu. Tukimwona mtoto ameinamia kitabu twamwita: "Wee, huna kazi?" Na tukisikia kwamba kitabu chenyewe chasimulia mambo ya mapenzi, twamnyang'anya hata kabla ya kukifungua.

Nami nalikuwa hivyo. Miaka mingi iliyopita nilimkuta binti yangu, aliyekuwa sekondari, akisoma kitabu kiitwacho Rosa Mistika. Nilikuwa nimesikia watu wakisema ni kitabu kichafu. Sikumwuliza neno. Nilikichukua nikakitia motoni mbele ya macho yake. Kumbe hakikuwa chake, alikuwa amekiazima kwa mwenzake. Tangu siku ile hakunionyesha tena kitabu, wala hakunieleza jambo lolote la moyoni mwake. Habari hiyo nitairudia. Kwanza tuanze na wadogo.

Kwa watoto wa shule ya msingi wanaojua kusoma vizuri, tafuteni Adili na Nduguze, cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Ni hadithi ya liwali mwema aitwaye Adili, ambaye kila usiku huwapiga manyani wawili, huku akilia machozi. Mtoto gani hatataka kujua sababu? Manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja, waliomtendea ubaya kwa wivu, wakageuzwa wanyama. Adili anawapiga kwa kuwa ameamriwa, lakini moyo wake umekwisha kuwasamehe. Shaaban Robert alikuwa Mwislamu wa Tanga, lakini kusamehe ndugu ni amri yetu sote. Katika nyumba ambamo ndugu hawasemezani kwa sababu ya shamba, mtoto akikisoma kitabu hiki kwa sauti, huenda na wakubwa wakasikia.

Kwa vijana wanaomaliza darasa la saba, wavulana hasa, kiko Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hii ilipata tuzo katika mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikatolewa kitabu mwaka 1960. Bwana mmoja mwenye shamba aonekana amekufa mzimuni, na watu wanaogopa. Ndipo anapokuja Bwana Msa na kiko chake. Yeye hatetemeki. Anatazama, anauliza, anakumbuka nani alisema nini, mpaka inajulikana kwamba mauaji yale ni kazi ya mkono wa mtu. Wazazi wangu, fikirini ni bibi wazee wangapi katika nchi yetu wameumizwa, hata kuuawa, kwa kusingiziwa uchawi. Kijana aliyejifunza kwa Bwana Msa kuuliza kabla ya kuhukumu atakuwa ngao ya wazee wa kijiji chake.

Sasa nairudia Rosa Mistika. Mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo, Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Jina la kitabu lina asili katika Litania ya Bikira Maria. Kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilikatazwa shuleni kwa sababu kinasema wazi mambo ambayo wakubwa huyanong'ona. Nami nilikuja kukisoma nikiwa nimekwisha kuwa na mvi, na nilipokisoma niliona haya.

Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali. Siku moja Zakaria agundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana. Hamwulizi neno, ampiga vibaya. Basi Rosa akua akiwaogopa wavulana kama simba, wala hapana mtu anayemfundisha namna ya kuishi na watu. Afikapo mbali na nyumbani, kamba ikakatika, naye hana akili ya kujiongoza. Mwisho wake ni wa kusikitisha mno. Mwandishi hausifu uzinzi hata kidogo, aonyesha ulikoanzia. Nami nilipofika pale penye barua nikaukumbuka ule moto wangu jikoni. Nilikuwa nimekichoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili yangu mimi.

Je, tuwape watoto wadogo kitabu hiki? La, hasha. Kila chakula kina umri wake, na mtoto mchanga hapewi makande. Lakini binti au kijana wa sekondari, aliyekwisha kuyasikia mambo hayo njiani na kuyaona katika simu za wenzake, ni heri ayasome pamoja na mama yake kuliko kuyajua peke yake gizani.

Basi nawapa maneno matatu. Kwanza, kisome kitabu wewe kabla ya kukihukumu. Kama hujui kusoma, mwambie mtoto akusomee, kurasa chache kila jioni. Hiyo si aibu, naye atafurahi kumfundisha mzazi wake jambo. Pili, usiulize tu, "Je, mna dhambi katika kitabu hiki?" Hata katika Biblia mna dhambi ya Kaini na ya Daudi. Uliza, "Dhambi hiyo imezaa nini, na moyo wa mtoto unaongozwa wapi?" Kitabu kinachoufanya uovu uonekane mtamu hadi mwisho, kirudishe kilikotoka. Tatu, kama fedha ni haba, jamaa watatu au wanne wa jumuiya moja wachange wanunue kimoja, kizunguke nyumba kwa nyumba.

Binti yangu sasa ni mama wa watoto. Alipokuja kututembelea nilimpa Rosa Mistika mpya, nikamwomba radhi. Alikishika kitambo bila ya kusema. Kisha akaniambia, "Baba, hata sikupata kujua mwisho wake." Usiku ule alikaa karibu na taa akasoma, nami nikakaa naye. Tulizungumza mpaka jogoo la kwanza, mambo ambayo yalipasa kuzungumzwa tangu zamani.

Wewe usingoje mpaka uote mvi. Kwaherini mpaka juma lijalo.