Pikapu ya Dizeli Inapogoma Alfajiri

Juni na Julai, baridi ya Mogitu huiumbua pikapu kuukuu ya dizeli. Haiwaki, na watoto wenye sare wanaitwa kusukuma. Mzazi, waache watoto. Gari likirudi nyuma kwenye mteremko hawalizuii. Na mtoto akishikwa na homa usiku wa manane, nani atasukuma?

Sikiliza stata. Ikizunguka kivivu, tazama betri: ukungu mweupe au wa kijani kwenye vichwa vyake, waya uliolegea. Mara nyingi ni kusafisha na kukaza tu, usikimbilie betri mpya. Ikizunguka kwa nguvu huku ekzosi ikitoa moshi mweupe, dizeli inafika ila haiungui. Fundi apime plagi za kupasha joto, moja moja. Injini ya silinda 4 yenye plagi 2 zilizokufa husumbua alfajiri, mchana ikawaka vizuri ukadhani imepona.

Hakuna moshi kabisa? Huenda dizeli haifiki. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha washa. Ikiwaka, lakini kesho yake umekuta pampu imelegea tena, kuna mpira unaovuta hewa.