Lango Likikwama, Usilisukume

Ni saa kumi na mbili asubuhi, watoto wamevaa sare, gari linanguruma, nalo lango la chuma limekataa kuteleza. Wengi wetu huweka bega na kusukuma kwa nguvu. Hapo ndipo hatari ilipo. Lango zito likichomoka kwenye reli yake huanguka lote kwa mpigo, na mtoto aliyesimama kando hana pa kukimbilia.

Kwanza waondoe watoto. Kisha tazama chini. Mara nyingi kinachozuia ni kokoto, au matope ya mvua yaliyokauka ndani ya reli. Chokoa kwa bisibisi, kisha ufagie. Reli ikiwa safi, kagua magurudumu: gololi zake zikiota kutu, gurudumu haliviringiki, linaburutwa tu. Hilo hubadilishwa, halipigwi nyundo.

Grisi itie kwenye gololi, usiipake relini. (Jirani yangu mmoja alimwaga humo oili chafu ya gari akidhani amepata dawa. Vumbi liligeuka uji mweusi, lango likakwama zaidi.)

Sasa inua macho. Juu kuna vigurudumu vinavyolishika lango lisilale, na mwisho wa reli sharti pawe na kizuizi cha chuma kilichochomelewa imara. Mafundi wenye haraka hukisahau. Ikiwa chako hakipo au kimekatika, kesho watoto watoke kwa mlango mdogo wakapande matatu, na lango lisiguswe mpaka fundi wa kuchomelea vyuma afike.