Mkopo Usio na Riba Bado ni Deni

Sheria inaitaka kila halmashauri nchini, zikiwamo za Tarime na Serengeti, kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hii haina riba. Basi Muislamu anayeikimbia mikopo ya "kausha damu" hana sababu ya kukaa kando.

Hata hivyo, wanawake na vijana hukopeshwa kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mjane wa Nyamongo au kijana wa Mugumu asiye na kikundi hubaki nje, ingawa fungu lipo. Hapo familia na msikiti wana wajibu: kuwakutanisha, kuwasaidia kuandika katiba ya kikundi, na kuwafikisha kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Tukumbuke pia kuwa Aprili 2023 Serikali iliisitisha mikopo hiyo kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyolipwa, ikairejesha mwaka 2024. Deni ni amana. Asiyerejesha humnyima mwenzake anayesubiri zamu.