Visa Haimo Mfukoni mwa Mume

Juma lililopita, baada ya sala ya alasiri, mama mmoja alinijia akanipa simu nisikilize sauti ya binti yake aliyeolewa Uingereza. Binti alikuwa akinong'ona chooni, maji ya mfereji yakimiminika ili asisikike. Mumewe, raia wa huko, humpiga, pasipoti ameificha, na kila ugomvi unapozuka humwambia kwamba akifungua mdomo ataifuta visa yake, arejeshwe Mombasa kwa aibu. Mama alikuwa amekwisha kumjibu: "Vumilia mwanangu, subiri upate makaratasi."

Jibu hilo hutoka katika kifua chenye huruma, lakini limejengwa juu ya vitisho vya mume. Visa hutolewa na serikali, na ni serikali iifutayo. Kweli, mume aweza kupeleka habari kwamba ndoa imevunjika, na visa ikakatishwa. Asilolisema ni kwamba sheria ya nchi ile ina mlango uliowekwa kwa ajili ya mke aliyevunjikiwa na ndoa kwa sababu ya dhuluma.

Mwenye visa ya mke kwa kawaida huishi huko miaka 5 kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu, na muda huo haruhusiwi kupokea misaada mingi ya serikali. Hapo ndipo kamba inapokaza, kwani akimwacha mume hana pa kulala. Ndiyo maana tangu mwaka 2012 kuna idhini maalumu kwa mwanamke wa namna hii. Akikubaliwa hupewa ruhusa ya kukaa miezi 3, na katika muda huo aweza kuomba misaada ya makazi na ya kujikimu. Ombi lenyewe halina ada. Kabla ya miezi hiyo kwisha huomba ukaazi wa kudumu kwa jina lake, bila kungoja miaka 5, na asiye na uwezo huomba asamehewe ada.

Lakini asijaze fomu pekee kwa pupa. Idhini hiyo huchukua nafasi ya visa aliyonayo, na mke aliyemfuata mume mwanafunzi au mfanyakazi, ingawa aweza kupata miezi 3, hapati ukaazi wa kudumu kwa njia hii. Aanze kwa mwanasheria wa uhamiaji. Southall Black Sisters, jumuiya ya wanawake iliyoanzishwa London mwaka 1979, imepigania haki hizi kwa miaka mingi, na Muslim Women's Network UK huwasikiliza wanawake wa Kiislamu bila kuwataka waeleze kwanza dini yao. Simu ya taifa ya msaada, 0808 2000 247, ni ya bure usiku na mchana, na mpigaji aweza kuomba mkalimani. Kwenye hatari ya papo hapo ni 999. Asiyeweza kusema, akitumia simu ya mkononi, akiombwa abonyeze 55 afanye hivyo.

Yako pia yanayotokea hapa hapa kwetu. Mume humleta mke likizo, kisha hurudi peke yake na pasipoti zote mbili. Tangu Januari 2024 mke aliyetelekezwa hivyo aweza kuomba haki yake akiwa nje ya Uingereza. Jamaa wasimwambie kwamba yamekwisha.

Watakuwako wanaosema siri ya nyumba haitolewi. Khawla bint Thaalaba alipomshtaki mumewe mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, Mola aliyasikia malalamiko yake na ikateremka Sura ya Mujadila. Hakuambiwa akanyamaze. Sitara ni ya kufunika aibu za watu, si ya kumfunika mpigaji.

Nilimwomba mama asizifute zile sauti, kwani ni ushahidi, sawa na barua ya daktari au ripoti ya polisi. Nilimwomba pia atafute nakala ya cheti cha nikahi. Namba hizo alitaka kuzituma pale pale, nikamzuia, maana mume husoma simu ya mkewe. Ameziandika kwenye karatasi na kuikunja ndani ya msahafu wake. Jumatatu mume huenda kazini alfajiri, na binti hupata nafasi ya kupiga kwa simu ya jirani. Mama atazisoma polepole, tarakimu moja moja, hadi binti azikariri.