Sevo ya Buku Nane

Nianze kwa kukiri: sevo iliyotuaibisha Luchelele niliichagua mimi. Kundi letu la boti za rimoti lilinituma kununua vifaa wiki ileile bumu lilipotoka, nami nikafanya wanavyofanya wengi. Pesa karibu yote nikaimwaga kwenye mota na betri, maana ndivyo vinavyoleta mbio. Kwa ajili ya usukani nikabakiwa na buku nane. Nikachukua ile sevo ndogo ya bluu ya gramu 9, yenye gia za plastiki, ambayo kila aliyewahi kuchezea Arduino anaifahamu.

Kwa wenzangu wa sheria na ualimu: sevo ni kimota chenye gia ndani yake. Unazungusha kitufe cha rimoti ukiwa nchi kavu, risiva ndani ya boti inapokea amri, sevo inavuta waya mgumu, na usukani unakunja. Kazi yake ni hiyo tu. Ikigoma, umebaki na mota yenye nguvu isiyomsikiliza mtu.

Asubuhi tuliijaribu boti kwa nusu mbio, ikakunja vizuri kabisa. Jioni watu wakajaa, tukataka sifa, tukafungulia zote. Ilienda mpaka mbali, ikageuka kurudi ufukweni, nami nikakata kona kuirudisha ziwani. Haikukata. Ilinyoosha moja kwa moja kuelekea kwa akina mama waliokuwa wakifua na watoto waliokuwa wakioga. Nilizungusha kitufe kama mwendawazimu kabla sijakumbuka kuachia mafuta, kama tunavyosema, ingawa ni umeme. Ilisimama kama hatua tano kutoka kwa mtoto aliyesimama majini hadi magotini, ameshika ndoo. Propela yake ni ya chuma, na ina makali.

Nilikimbia kumwomba radhi mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kitu anaendesha nani?"

"Mimi, mama."

"Mbona hukukigeuza?"

Sikuwa na jibu. Jibu nililipata usiku ule kwenye kimbweta, tulipoifungua sevo tukakuta meno mawili ya gia yameng'oka. Naliandika hapa kwa sababu najua kuna makundi mengine yanajiandaa kununua vifaa, na bumu linakaribia.

Kosa letu lilikuwa la hesabu, tena hesabu ya kidato cha nne. Mbio zikiongezeka mara mbili, msukumo wa maji kwenye usukani huongezeka mara nne. Usukani wetu una upana wa sentimita 2.5 na unazama sentimita 4. Ukiukunja sana kwa mita 5 kwa sekunde, unapata takriban kilo 1 ya msukumo. Kwa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, inakuwa kilo 4. Msukumo huo unakaa kama sentimita 1 nyuma ya mhimili, kwa hiyo sevo inatakiwa iwe na nguvu ya kilo-sentimita 4. Ile ya bluu imeandikwa 1.8. Asubuhi ilidaiwa 1, ikalipa. Jioni ilidaiwa 4, ikafilisika. Jaribio letu la asubuhi halikupima kitu chochote cha maana, lilitupa moyo tu.

Sasa msimamo wangu. Kundi linalojenga boti ya mbio lianze bajeti kwenye usukani, halafu kinachobaki ndicho kinunue mota. Wengi wetu tunafanya kinyume.

Piga hesabu ya usukani wako kwa mbio za juu kabisa, kisha zidisha mara mbili. Kwa nini mara mbili? Kwa sababu ziwa letu si bwawa la hoteli. Kuna magugu maji, mifuko na vipande vya nyavu, na kimoja kikinasa kwenye usukani sevo inabeba mzigo ambao hukuuandika popote. Kwetu 4 ikawa 8, na hapo ndipo unapoingia kwenye sevo za ukubwa wa kawaida zenye gia za chuma. MG996R, kwa mfano, imeandikwa takriban 9.4 kwa volti 4.8 na 11 kwa volti 6. Angalia hizo volti mbili. Muuzaji atakutajia 11, lakini kama mfumo wako unatoa volti 5, hiyo 11 si yako.

Halafu kuna mtego mwingine. Sevo hiyo ikikwama inaweza kuvuta hadi ampea 2.5. Kama inakula umeme kwenye njia moja na risiva, na njia hiyo ni dhaifu, risiva inazimika na boti inapotea kabisa. Kwa hiyo ipe sevo njia yake ya umeme, na uiseti risiva ili ikikosa mawasiliano mota ijizime yenyewe. Usikose pia kupaka grisi kwenye mhimili na kuifungia sevo ndani ya kiboksi. Maji yetu hayana chumvi kama ya Dar, ila shoti ni shoti.

Na usiamini stika, pima. Funga sevo kwenye meza, mkono wake ulale, kisha kwenye tundu lililo sentimita 2 kutoka katikati ning'iniza chupa mbili za maji za lita moja na nusu. Hizo ni kilo 3, mara sentimita 2, ni 6. Sevo iliyoandikwa 9 ikishindwa kunyanyua 6, irudishe dukani. Jaribio hili ni la bure, chupa unakunywa baadaye.

Mwenzetu mmoja wa umeme amenibishia kwamba MG996R ina gramu 55, na uzito unaua mbio. Anasema tusogeze mhimili nyuma kidogo ili sehemu ya usukani iwe mbele yake, mzigo upungue. Ana hoja, na tutalifanya hilo. Lakini hilo linapunguza mzigo wa kawaida tu, wavu ukinasa unabaki palepale. Kwa boti ya kilo mbili, zile gramu 46 za ziada mimi nazibeba bila kinyongo.

Wengine watasema haya ni mambo ya midoli, tungesoma tusipate sapu. Nawakumbusha kwamba mwaka 2018 droni ya majaribio ilipeleka dawa kisiwani Ukerewe, kilomita 60 kwa wastani wa dakika 40, juu ya ziwa hilihili. Anayetaka kuja kufanya kazi za namna hiyo hapa Mwanza atajifunzia wapi kuchagua kifaa kinachogeuza chombo, kama si kwenye boti ya mchezo?

Kwetu tumekubaliana mambo mawili. Boti haifunguliwi mbio zote kabla sevo haijabeba chupa, na hata ikizibeba, hatuendeshi palipo na watu majini. Kundi lako likitaka kuja kupima sevo zake, vimbweta vyetu mnavijua, njooni na chupa zenu.

Jumamosi iliyopita nilirudi Luchelele bila boti. Yule mama alikuwepo, anafua. Nilimweleza kwamba nilinunua kifaa dhaifu cha kugeuzia. Akaniuliza kilikuwa bei gani, nikamtajia. Akaniuliza mota je? Nikamtajia pia. Akacheka, akaendelea kufua.